Mashahidi wa Samaki

Wavuvi wa mshipi wamegawanyika tangu zamani katika madhehebu matatu, na sijamwona bado mwanachuoni aliyeweza kuwasuluhisha. Wako wavuao gatini, bega kwa bega na umma wa watu; wako wavuao ufukweni, kila mmoja peke yake na mawimbi yake; na wako wale ambao nchi kavu huwawasha nyayo, wasipate raha mpaka wajitie chomboni na kuelekea kilindini. Kila dhehebu lina mashekhe wake na ushupavu wake, na kila moja huyahesabu mengine mawili kuwa ni upotofu wa watu wasiojua maana ya ndoana. Mimi, niliyezaliwa Mji Mkongwe wa Unguja kisha nikaifuata riziki ya ualimu mpaka Karatu, nimeyafuata madhehebu yote matatu kwa zamu, nikapata katika kila moja hasara ya namna yake. Kwa hiyo nadhani ninayo haki ya kutoa neno, hata ikiwa elimu haikutosha.

Neno lenyewe ni hili: samaki hupimwa mara mbili, mara ya kwanza kwa mizani na mara ya pili kwa ulimi, na kati ya vipimo hivyo kile cha pili ndicho kinachodumu, maana samaki huliwa siku ile ile ilhali habari zake huliwa miaka mingi. Basi anayetaka kujua pahali bora pa kuvua asiulize pana samaki gani. Na aulize pana mashahidi gani.

Yafaa nieleze kwanza ilikuwaje mas'ala ya bahari yakawa mazungumzo ya jioni katika mji usio na bahari. Karatu ni mji wa nchi ya juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa maji ya pwani, wenye udongo mwekundu, kahawa, ngano na maharage, ambako magari ya watalii hupita asubuhi yaking'aa kuelekea Kreta ya Ngorongoro na hurudi jioni yamevaa vumbi mpaka vioo. Mwezi wa Julai ukungu hushuka ukakaa mlangoni, na mtu wa pwani huvaa makoti mawili na bado akasikia meno yake yakibishana. Kutoka hapa mpaka bahari ni zaidi ya kilomita 500 za barabara, na samaki wanaofika sokoni wengi ni abiria wa lori, dagaa na sangara wa Mwanza, waliokwisha kuona nchi nyingi kabla ya kuona sufuria. Wenyeji wengi wa hapa ni Wairaqw, watu wa jembe na ng'ombe. Na majirani zao Wamasai walioko juu ya Ngorongoro, kwa mila yao ya tangu zamani, samaki hawakuwa wakimla. Katika nchi ya namna hiyo, mtu akitamka barazani kwamba ametoka Unguja, huhesabiwa papo hapo kuwa ni mjuzi wa kila kiendacho majini, na hata akisema kwamba nguru ana masharubu, ataulizwa tu masharubu hayo huyanyoa lini.

Baraza letu hukaa jioni nje ya kibanda cha fundi cherehani. Mwenyekiti wake ni jirani yangu, mzee wa Kiiraqw mwenye shamba la vitunguu kule Mang'ola na mwenye tabia ya kusikiliza mpaka mwisho, ambayo ni tabia ya hatari sana kwa msimuliaji. Wapo pia shemeji yake, mtu mrefu mwenye kupenda mabuti ya mpira. Dereva mmoja wa watalii. Na fundi mwenyewe, ambaye husikiliza kwa sikio moja na kushona kwa jingine.

"Mwalimu," mzee aliniuliza, "wewe unayeyajua maji ya chumvi, mtu akitaka samaki wa haki asimame wapi?"

Nikaanza na gati, kwa kuwa ndiko nilikoanza. Jioni, maji yanapojaa, ukuta wa Forodhani ulio mbele ya Ngome Kongwe na Beit el Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, hufurika watu wa kila sampuli: wachoma mishikaki na pweza, wauza maji ya miwa, watalii, wazee wanaopunga upepo, vijana wanaojirusha baharini na nguo zao, na katikati ya wote hao wavuvi wa mshipi, ambao hawakualikwa na mtu wala hawaondoleki na mtu. Mvuvi wa hapo hana zana za fahari. Ana mshipi uliozungushiwa chupa tupu ya maji, chubwi la risasi, ndoana, na kipande cha ngisi kuwa chambo. Sheria ya pahali pale, ingawa haikuandikwa, ni kwamba mshipi hushushwa wima na haurushwi kamwe, kwa sababu anayetaka kuurusha mbele hana budi kuupeleka nyuma kwanza, na nyuma ya mvuvi wa Forodhani pana nusu ya mji.

Jioni moja ya bamvua sheria hiyo ilivunjwa. Nani aliyeivunja ni suala lenye rai mbalimbali mpaka leo. Walikuwapo waliodai, na nuru ya magharibi haikuwa upande wao, kwamba mshipi ulitoka mkononi mwangu. Lisilo na khitilafu ni kwamba ndoana ilikwenda nyuma na chambo, ikarudi mbele na kofia. Ilikuwa kofia ya viua, iliyodariziwa kwa mkono, kazi ya miezi, na mwenyewe, mzee wa kanzu nyeupe, alikuwa ameliinamia bakuli la urojo. Akahisi upepo utosini, akanyanyua macho, akaiona kofia yake ikipita juu ya moshi wa mishikaki, ikapita juu ya watalii ambao walidhani hiyo ni ada ya nchi wakaipiga picha, mpaka ikatua baharini na kuelea kwa heshima zake zote.

"Mwanangu," aliniambia, akikiweka kijiko chini kwa taadhima iliyonitisha kuliko matusi, "mimi nimekuja kula urojo, sikuja kuvuliwa."

Hapo umma ukalishika jambo. Kijana mmoja alijitosa, akaileta kofia, akadai ujira. Mwuza miwa, ambaye hakuulizwa, akaukadiria ujira huo. Mzee mwingine akatoa fatwa kwamba kilichonaswa na ndoana ni mali ya mwenye ndoana. Wa nne akasema hewala, basi mwenye ndoana na ajitaje. Na wote tuliokuwa na mishipi tukageuka kuutazama upeo wa bahari, ambao jioni ile ulikuwa mzuri kweli kweli. Ujira niliulipa mimi, kwa ukarimu tu.

Niliwaeleza wenzangu wa Karatu kwamba zahama ya namna hiyo, pamoja na karaha yake, ina fadhila moja kubwa: gatini samaki hawezi kukua baada ya kutolewa majini. Ukivua changu wa kiganja, macho ya mji yamekwisha kumpima kabla hujamtoa ndoana, na kesho ukithubutu kumwongeza hata inchi moja ukiwa msikitini, yuko mtu katika safu ya nyuma atakayekohoa. Gati ni mahakama. Mvuvi wa gatini hulazimika kuwa mkweli, apende asipende, na ndiyo sababu wavuvi wa gatini hawana sifa nje ya mtaa wao.

"Na wa ufukweni?" akauliza mzee.

Dhehebu la ufukweni nililiendea kwa ajili ya kuukimbia umma. Pwani ya mashariki ya Unguja, kule Paje na Jambiani, mchanga ni mweupe na watu wametawanyika, na mtu aweza kukaa na mshipi wake tangu alfajiri asisumbuliwe na mtu, isipokuwa na wale wanaomuuzia safari ya kwenda kuwatazama pomboo. Kasoro yake ni kwamba bahari yenyewe haikai nawe. Wakati wa bamvua maji ya Unguja hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na kwa kuwa chini pale ni tambarare mpaka kwenye mwamba, maji yakianza kupwa yanahama na vyombo vyake vyote. Nilikuwa nimeutupa mshipi katika maji ya kiunoni, nikauzungusha kwenye kigingi nilichokikuta, nikaketi chini ya mnazi na kitabu; na nilipoinua macho, chubwi langu lilikuwa limelala mchangani, limekauka, na bahari imekuwa mstari mweupe kule mbali ambako mawimbi yalikuwa yakivunjikia bila ya mimi.

Sikuwa peke yangu tena. Pale palipokuwa maji palikuwa na safu za kamba na vigingi, na kati ya safu hizo walikuja kina mama na mifuko yao, kwa kuwa maji yakipwa ndipo mchana wao wa kazi unapoanza: kilimo cha mwani, kilichoanzishwa katika vijiji vile mwaka 1989, hufanywa na wanawake zaidi kuliko wanaume. Bibi mmoja alisimama mbele ya kigingi changu, akakitazama, akautazama mshipi uliokwisha kujisokota katika kamba yake ya mwani, kisha akanitazama mimi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Wavua nini?"

"Samaki, bibi."

"Samaki wako kule," akasema, akiuonyesha ule mstari mweupe. "Huku ni shambani kwangu."

Kuifungua ndoana ilikuwa kazi ya dakika chache. Kuifidia kamba iliyochanika ilikuwa kazi ya maji kupwa mpaka kujaa. Nilifunga vitawi vya mwani, kimoja kimoja, kwa kamba nyembamba inayokata vidole, huku bibi akinisahihisha fundo na kunihadithia habari za wajukuu, na maji yaliporudi kunitafuta yalinikuta mkulima. Samaki siku ile sikumpata, ingawa ningeweza kusema nimempata, kwani shahidi wangu alikuwa bibi yule pekee, na shahidi mmoja kwa sheria hatoshi. Hapo ndipo nilipouona udhaifu wa ufukwe: mtu aweza kusema uongo, ila kwa kiasi, kwa sababu huwezi kujua ni nani aliyekuwa ameinama nyuma ya safu ya mwani.

Dhehebu la tatu nililifundishwa na mjomba wangu wa Nungwi, nahodha wa ngalawa iliyochongwa katika gogo la mwembe, yenye mirengu yake miwili na tanga lenye viraka vingi kuliko tanga. Tulitoka usiku wa manane, upepo wa nchi kavu ukitusukuma, nikiwa na mshipi mpya na dhamira ya kumvua nguru. Mjomba alinipa kopo.

"Mjomba, mimi nimekuja kuvua."

"Utavua baadaye. Kwanza fua maji. Baharini hakuna ualimu."

Nikafua maji mpaka alfajiri, na katika kuinama na kuinuka, na ngalawa nayo ikiinama na kuinuka kwa wakati wake ambao haukuwa wangu, roho ilinichafuka kwa namna ambayo staha inanizuia kuieleza. Nitasema tu kwamba niliwalisha samaki wa mkondo ule bila ya kutumia ndoana, na kwamba mjomba, mtu asiyesifu ovyo, alikiri hajapata kuona chambo cha ukarimu namna ile. Kulipokucha nilipata nguvu ya kushusha mshipi mara moja, nikampandisha bunju, ambaye alipoona mazingira yake mapya alijijaza upepo akawa mviringo, akanitazama kwa macho ya mtu aliyedhulumiwa. "Mrudishe," akasema mjomba, "ana sumu huyo, na wewe mwenyewe hali yako yatosha." Nikamrudisha, nikalala kifudifudi juu ya nyavu.

Nikiwa katika hali hiyo mjomba alimvua kolekole. Nilisikia kishindo, nikahisi mkia ukinipiga unyayoni, basi. Lakini tulipofika pwani, na wanakijiji walipouliza mbona samaki mwenyewe kafika vipande vipande, mjomba alinyoosha mikono yake yote miwili, akaona haitoshi, akamwita kijana asimame mbali kidogo aonyeshe ulipokuwa mkia. Samaki alikatwa mle mle baharini, alisema, kwa hofu ya kuzamisha chombo. Na akanigeukia nimshuhudilie. Ningesema nini? Shahidi aliyelala kifudifudi ushahidi wake ni wa unyayo. Chomboni, niliwaambia wazee wa Karatu, ukweli hauna mwenyeji, na ndiyo maana samaki wakubwa wote wa dunia wamevuliwa kutoka chomboni. Yule Mmarekani Ernest Hemingway, aliyewinda katika nchi hizi za Manyara miaka ya thelathini na akarudi kuvua Shimoni mwaka 1954, alikuwa amekwisha kuandika habari za mzee mmoja, mtumbwi mmoja, samaki mmoja mkubwa mno, na mashahidi hamna. Wakampa tuzo ya Nobel.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akanyamaza. Akasema, "Basi, Mwalimu, hapa kwetu gati hakuna na ngalawa hakuna, lakini chumvi ipo. Tutakupeleka ukavue, nasi tutakuwa mashahidi."

Chumvi ipo kweli. Maziwa ya Bonde la Ufa katika sehemu hizi, Manyara, Eyasi, na lile Magadi lililoko katika sakafu ya Kreta, hayana mto wa kutokea. Mito na chemchemi huyaletea maji kutoka milimani pamoja na chumvi na magadi ya miamba ya volkano, kisha jua huchukua maji na kuiacha chumvi, mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo wamo samaki waliozoea: perege wadogo wanaoistahimili magadi, ambao makwao ni Manyara, Eyasi na maziwa ya Singida, na kambale, ambao hustahimili kila kitu.

Ziwa la Kreta tuliliondoa katika hesabu mapema. Eneo la Ngorongoro ni hifadhi tangu mwaka 1959 na limo katika Urithi wa Dunia tangu 1979. Hakuna anayeteremka mita 600 za ukuta ule akiwa na ndoana, na heroe wanaosimama katika maji yale hula vijimea visivyoonekana kwa macho. Walakini ndiko nilikopatwa na msiba wangu wa kwanza wa uvuvi wa bara, tena bila ya mshipi. Tulikwenda na wanafunzi katika safari ya masomo, tukafika Ngoitokitok, penye chemchemi na viboko, ambapo wageni huruhusiwa kushuka garini na kula. Nami nilikuwa na changu wa kukaanga, aliyetiwa ndimu na chumvi, niliyeletewa na dada yangu kutoka Unguja kwa boti na mabasi. Nikamfunua juu ya kiganja ili wanafunzi wauone mpangilio wa miiba ya mgongoni, kwa ajili ya elimu.

"Mwalimu," akasema dereva, "hapa ni vizuri kulia ndani ya gari."

Alikuwa hajamaliza. Mwewe alitoka nyuma yangu, kimya, akapita kati ya bega na sikio. Nilichokiona ni miguu miwili ya manjano ikimshika changu kiunoni, na ubawa mmoja ukiivua miwani yangu kwa upole wa muuguzi. Akapanda juu ya viboko na mzigo wake, akaula angani akiendelea na safari, na mfupa mmoja ukaanguka majini. Wanafunzi walinyamaza kwa adabu, isipokuwa mmoja wa kidato cha pili, ambaye alikuwa amesikia habari za barazani kutoka kwa baba yake. "Mwalimu," akauliza, "huyo tumhesabu ni wa gatini au wa chomboni?"

Ikabaki Eyasi. Barabara inashuka kutoka Karatu kuelekea kusini magharibi, na baridi inabaki juu. Huku chini ni joto, mikoche, na mashamba ya vitunguu ya Mang'ola yanayonyweshwa na chemchemi, katika nchi ya Wahadzabe wawindaji na Wadatoga wafugaji na wahunzi. Ziwa lenyewe halijui bamvua, lakini lina kupwa kwake: miaka ya ukame hukauka likabaki uwanja mweupe wa chumvi, na miaka ya mvua nyingi hujaa, na wavuvi wakaja na nyavu zao. Bahari ya Jambiani ilinikimbia kwa saa chache; Eyasi humkimbia mvuvi mwaka mzima, na huenda lisirudi kumdai. Mwaka tuliokwenda sisi lilikuwa limejaa.

Nilidhani tutakwenda watu watano. Lakini mzee alikuwa amepita shambani kwake kuwaarifu vibarua, shemeji naye amewaarifu wa mnadani, na tulipofika ufukweni tuliwakuta wameketi wanatungoja, pamoja na watoto, wachuuzi wa vitunguu, na Mdatoga mmoja aliyesimama kwa mguu mmoja akiegemea fimbo, ng'ombe wake nyuma yake, wote wakitazama upande niliokuwa. Nikavua viatu nikaingia majini kutafuta kina. Maji yalikuwa ya vifundo vya miguu. Nikaenda. Yakawa ya muundi. Nikaenda mbali hata nikatumaini kutousikia tena ushauri, nikageuka, nikawaona wote wamenifuata, wamejipanga kulia na kushoto kwangu katika matope, shemeji na mabuti yake mbele. Lilikuwa gati kamili, lenye umma wake na mahakama yake, katikati ya ziwa.

Nikaushusha mshipi wima, kwa sheria ya Forodhani. Kwa kuwa maji hayakufika magotini, chubwi lililala topeni mbele ya macho yetu, na chambo kando yake, na sote tukakitazama. Mvuvi mmoja wa pale, aliyekuwa akipita na mtumbwi wake akiusukuma kwa pondo, alituamkia, akatazama chini, akasema kwa upole, "Mwalimu, huku tunatumia nyavu." Nikamwambia ahsante. Dakika hazikuwa nyingi, na hapo nasema ukweli mtupu, maji yalifanya vumbi, mshipi ukakaza, nikavuta, akatoka kambale.

Mzee alimpima kwa mkono wake mbele ya watu wote: shibiri moja na nusu. Alikuwa mweusi, wa utelezi, mwenye masharubu yake, na hakuna aliyeuliza huyanyoa lini. Nilipomtoa ndoana alijipinda, akachopoka, na katika ziwa lote lile la kilomita nyingi alichagua kuanguka ndani ya buti la kushoto la shemeji. Kambale ana mwiba katika kila pezi la ubavuni. Shemeji alitamka neno refu la Kiiraqw, akainua mguu, akamshika dereva, dereva akamshika fundi, na gati lote likaanguka kwa mpango kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka likafika kwa Mdatoga, ambaye alishusha mguu wake wa pili akasimama. Ng'ombe waliondoka.

Sasa nifikie jambo lililoniangusha mimi, kwa maana ya hoja. Nilikuwa nimefundisha barazani kwamba mashahidi huzuia samaki kukua. Kambale yule alitoka majini ana shibiri moja na nusu, mbele ya mashahidi wasiopungua kijiji. Tuliposimama kununua vitunguu alikuwa na shibiri mbili. Tulipomaliza kupanda mlima alikuwa dhiraa na nusu. Siku ya mnada wa Karatu nilimsikia fundi, ambaye kazi yake ni kupima watu, akieleza kwamba kambale alivaa buti lile mpaka gotini. Na shemeji alikunja suruali akaonyesha alipong'atwa, juu kabisa ya pale mwiba ulipomchoma. Nikamtazama mzee, mwadilifu wetu, msikilizaji wa mpaka mwisho, aliyempima kwa mkono wake. Alikohoa. Nikafurahi. Kisha akasema, "Mlisahau mkia," akanigeukia: "Ama sivyo, Mwalimu?" Na kwetu mgeni hampingi mwenyeji mbele ya watu wake.

Nilimwandikia dada yangu Unguja kumhadithia maajabu hayo, akanijibu kwamba mbona ni ya kawaida. Kwamba kofia ile ya Forodhani sasa huhadithiwa kuwa ilipanda na nguru ndani yake, na msimuliaji hodari kuliko wote ni yule yule mzee wa kanzu nyeupe.

Kwa hiyo naibadili fatwa yangu, na hii ndiyo ya mwisho. Anayetaka kitoweo na aende chomboni, lakini ajue kwamba uongo wa chomboni hubebwa na mtu mmoja, na ni mzigo mzito kwa aliyechafukwa na roho. Anayetaka faragha na aende ufukweni, ajifunze kufunga mwani. Bali anayetaka samaki wake aishi, akue, aote meno na apate wajukuu, na avue penye watu wengi iwezekanavyo, kisha akae kimya, umma utamlea. Kambale wetu, kwa habari za juzi, amekwisha kuhitaji watu wawili wa kumvuta. Mvua zikiwa njema tutarudi Eyasi, na nimemwomba mzee aongeze mashahidi.